Nani Amemwajiri Mkunga

Jumamosi, saa nne asubuhi

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na wanangu wote wawili, na kwamba magoti ya mama yametulia kidogo tangu alipobadilishiwa dawa. Sisi huku miili haijambo. Mtoto ameota meno mawili ya mbele na anayajaribu kwenye kila kitu, pamoja na kidole cha baba yake. Mimi nami ningesema sijambo, lakini ningekudanganya, na nimeamua kwamba katika barua hii sitakudanganya hata kwa ajili ya adabu.

Utashangaa kwa nini naandika wakati simu ipo. Nimekupigia mara tatu wiki hii, na mara zote tatu nimeishia kuuliza habari za magoti ya mama. Nikisikia tu sauti yako narudi kuwa yule mtoto uliyekuwa ukimfunga kamba za viatu mlangoni. Kwa hiyo barua hii nampa dereva wa gari la dawa za hospitali, naye ameniahidi kwamba kesho ataiweka mkononi mwako, si kwa mlinzi wala kwa mhudumu. Nakuomba uisome yote kabla ya Jumanne, kabla hujaketi mbele ya wale wachunguzi watatu, na zaidi ya yote kabla hujawatajia jina la karani wako wa masjala. Ukishalitaja litaandikwa, na likishaandikwa hakuna atakayelifuta, na miaka yake kumi na minne ya kazi itakuwa imekwenda na maji. Najua tabia yako ya kusoma ripoti kuanzia ukurasa wa mwisho. Hii anza mwanzo, tafadhali, maana ukianza mwisho utaichana.

Unakumbuka mwaka jana nilipochaguliwa kwenda kuandika katika tume ya kutazama upya serikali za mitaa. Ulifurahi kuliko mimi. Ulimpigia kila ndugu. Tume ni watu wanane wenye tai na vyeo, na chini yao tuko waandishi wanne tunaofanya kazi yenyewe. Bosi wetu ni katibu wa tume, yule ambaye ofisini tunamwita Mzee wa Koma, kwa kuwa anaweza kukurudishia rasimu ya kurasa arobaini kwa sababu ya koma moja, tena akiwa ametabasamu. Swali tulilopewa lilikuwa jepesi kulitamka: nchi nyingine zimegatuaje madaraka, na sisi tuige lipi na tuache lipi.

Miezi miwili ya kwanza nilisoma katiba na sheria za watu mpaka macho yakawasha. Dada, zote zinasema kitu kimoja. Zote zinasema madaraka ni ya wananchi, mabaraza ni huru, maendeleo yaanzie chini. Ukizisoma ukiwa kitandani unaweza kuamini kwamba dunia nzima imekwisha kugatua na sisi peke yetu tumebaki nyuma. Ndipo nikakukumbuka wewe, karani mkuu wa baraza letu la nyumbani, ulivyokuwa ukilalamika kwamba zahanati yenu haina mkunga na wizara haijibu. Nikaandika swali moja juu ya daftari langu: nani amemwajiri mkunga wa zahanati, na nani anaweza kumfukuza? Nikaamua kwamba kila nchi nitakayokwenda nitatafuta kwanza zahanati ya mji mdogo, nimuulize mkunga mwenyewe, halafu ndipo niende kwa wakubwa. Wenzangu walicheka. Mzee wa Koma hakucheka, alisema tu kwamba swali likae.

Nchi ya kwanza ilitoa kila kitu kwa mkupuo mmoja. Jumatatu watumishi walilala wakiwa wa serikali kuu, Jumanne wakaamka wakiwa wa mabaraza. Mkunga niliyemkuta alikuwa binti mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta, na nilipomuuliza nani amemwajiri, alininyooshea kidole dirishani. Nje palikuwa na mwanamume juu ya ngazi, akirekebisha mfereji wa maji ya mvua. Ndiye mwenyekiti wa baraza. Yule binti alisema kwamba akichelewa kazini, mzee huyo anasikia kabla yeye hajamaliza kuvua koti. Nilifurahi mpaka nilipofika mji wa jirani, ambako mkunga alikuwa mpwa wa diwani, anakuja akijisikia, na hakuna wa kumgusa.

Nchi ya pili ilikuwa na sheria nzuri kuliko zote, imejalidiwa kwa ngozi, na afisa mmoja alinisomea vifungu vyake kwa sauti ya mtu anayeimba. Zahanatini nilimkuta mkunga amembeba mtoto wake mwenyewe. Aliniambia kwamba alipokuwa mjamzito aliomba likizo ya uzazi, na kwa kuwa ruhusa hutiwa saini mji mkuu, barua ilirudi mtoto akiwa ameanza kutambaa. Alinionyesha vyote viwili, barua na mtoto. Ya tatu ilikuwa imetoa madaraka, ikayanyang'anya baada ya ugomvi wa wakubwa, na sasa inayarudisha kijiko kwa kijiko. Bodi ya taifa inapima vyeti na kuweka orodha, baraza linachagua mtu kutoka kwenye orodha hiyo, na likitaka kumwondoa lazima litoe sababu kwa maandishi. Mkunga wa huko, mama mtu mzima, alisema kwamba ana mabosi wawili na mmoja akimuudhi hukimbilia kwa mwingine. Lakini alikuwa kazini, chumba kilinukia dawa ya kusafishia, na kitanda kilikuwa na shuka. Nilirudi nimejaa imani kwamba hiyo ya tatu ndiyo tuiige, na niliandika sura yangu kwa siku tisa bila kusimama.

Hapo ndipo penye mwanzo wa haya yote. Mzee wa Koma aliisoma, akasema imekaa vizuri, ila imekosa nyumbani. Alisema wajumbe watayaona haya kuwa mambo ya ugenini na watafunga kitabu. Alitaka kisanduku. Sijui kama nimewahi kukueleza: katika ripoti zetu, katikati ya aya kavu, huwekwa kisanduku chenye rangi ya kijivu, na ndani yake kisa kifupi cha kweli cha watu wa hapahapa. Wakubwa wengi husoma visanduku tu, hayo mengine huyapita. Alitaka kisa cha baraza letu lolote dogo lililofanya jambo lenyewe bila kusubiri. Alisema hivyo huku akifunga begi lake, akanipa mpaka kesho yake mchana.

Nami kisa nilikuwa nacho. Nilikuwa nacho tangu siku ile tulipokaa nyuma ya nyumba kwa mama, wewe ukikunja nguo na mimi nikikupa vibanio, ukanisimulia yote. Jinsi ulivyoandika wizarani kuomba mkunga mara saba kwa miaka miwili. Jinsi ulivyosimama mbele ya madiwani ukawaambia kwamba sheria inasema ni wizara pekee inayoajiri, kwa hiyo anayeogopa asiinue mkono, na mikono yote sita ikainuka. Jinsi ulivyotoa muhuri wa baraza kwenye mkoba wako, ule mkoba ambao watu wa mji wanakutania kwa ajili yake wakikuita Mama Muhuri, ukaigonga barua ya ajira papo hapo mezani. Tulicheka sana siku ile. Halafu ukaacha kucheka, ukaniambia hayo ni ya ndani, yasitoke. Nikakuambia kwani mimi ni mtoto.

Niliandika kisanduku wakati wenzangu wamekwenda kula. Dada, niliandika vizuri, na hilo ndilo linalonitesa. Sikutaja mji wala mtu. Niliandika "baraza moja dogo", niliandika "karani mkuu wake", nikadhani nimewafunika blanketi. Mzee wa Koma alikirudisha alasiri ile ile na mstari mwekundu, akisema kisanduku bila takwimu ni hadithi ya jikoni. Basi nikaongeza: wakazi elfu thelathini na moja na mia nne na sitini, kata sita, zahanati moja. Akapitisha. Kilikwenda ukurasa wa hamsini na nane.

Na mwisho wa ripoti kuna kiambatisho cha nne. Ni jedwali la mabaraza yote ya nchi, moja baada ya jingine, na kila moja lina idadi ya wakazi wake, kata zake na zahanati zake. Nililitengeneza mimi, kwa mkono huu huu, miezi mitatu kabla ya kile kisanduku. Mtu yeyote mwenye rula na dakika tano angeweza kuweka ukurasa wa hamsini na nane kushoto na kiambatisho kulia, akashuka na kidole mpaka kwenye mji wetu. Nakuapia haikunipitia akilini. Sisi tunaoandika ripoti tunaamini kwamba hakuna anayefungua viambatisho. Wizarani kulikuwa na mtu aliyefungua.

Yaliyofuata huko kwenu unayajua kuliko mimi, lakini niache niyaandike kama yalivyonifikia, ili uone mimi nilikuwa wapi. Wiki tatu baada ya rasimu ya ripoti kusambazwa, gari jeupe lilisimama mbele ya ofisi yako, wakashuka watatu na sanduku la karatasi. Walichukua kitabu cha mihtasari, wakachukua barua ya ajira, wakaandika amri mkunga asikanyage zahanatini mpaka uchunguzi uishe. Siku ya nne baada ya hapo, mke wa fundi baiskeli alishikwa na uchungu, akapakiwa nyuma ya gari la mizigo kupelekwa hospitali ya mkoa, na akajifungua njiani. Uliponiambia kwenye simu kwamba mtoto ni mzima ila mama yake alipoteza damu nyingi, nilikuwa jikoni nimeshika kikombe, na sikumbuki nilikiweka wapi. Niliuliza kama ameruhusiwa kurudi nyumbani. Ulisema bado. Nilipata usingizi kidogo sana wiki ile.

Huku nako kile kisanduku kilikuwa kimeshageuzwa fimbo. Wale wa wizara wasiotaka kuachia chochote walikileta kwenye kikao cha tume na kukisoma kwa sauti. Walisema tazameni, kabla hata hawajapewa madaraka wamekwisha kujichukulia, je wakipewa itakuwaje? Hakuna aliyeuliza kwa nini karani mkuu aandike mara saba. Sura yangu nzima ya ajira imewekwa kando, eti ifanyiwe kazi zaidi, na wewe unajua maana ya maneno hayo ofisini. Nilichokiandika ili kuyatetea mabaraza kama lenu ndicho kilichotumika kuyafunga mikono.

Nakuja kwa karani wako wa masjala. Siku kumi zilizopita ulinipigia sauti ikiwa chini, umejifungia ofisini. Ulinisomea barua ya mashtaka, na ndani yake kulikuwa na mstari unaosema kwamba taarifa zilipatikana kutoka masjala ya baraza. Ulisema hapo ndipo ulipoelewa. Faili la mkunga lilipita mikono miwili tu, yako na yake. Ulisema umemwita mbele ya wahudumu na mpiga chapa, ukamtaka aweke ufunguo wa kabati mezani, na kwamba aliuweka taratibu, akauliza kama aache na kalamu pia, kwa kuwa nayo ni ya baraza. Ulisema umemhamishia stoo ya viti. Ulisema hakujitetea, na kwa kuwa hakujitetea ukaona ndiye. Halafu ukaniuliza mimi, mdogo wako, msomi wa familia, kama siku ya kuhojiwa umtaje, maana ukimtaja mzigo utagawanyika, nao watakuona kama mtu aliyesalitiwa na ofisi yake.

Nikakujibu ufuate moyo wako. Tangu siku ile nimelirudia jibu hilo kila ninapopanda ngazi za ofisi. Lilikuwa jibu la mtu asiye na haya. Nilikuwa najua, dada. Wakati unauliza nilikuwa najua kwamba yule mzee wa watu hajamwambia mtu yeyote kitu chochote, na niliacha ukate simu.

Mpaka hapa nadhani umeshaona kwamba kisa kilitoka kwangu, na labda umeshasimama, unazunguka meza. Kaa. Kuna kibaya zaidi, na ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Tulipoingia kwenye tume, kila mwandishi alijaza fomu. Mstari mmoja uliuliza kama una ndugu wa karibu anayefanya kazi katika baraza lolote. Ukijibu ndiyo, unahamishiwa kitengo cha uchapaji, na safari za nje unazisikia kwa wenzako. Niliandika "Hakuna". Nilikufuta, dada, kwa neno moja, kwa ajili ya tiketi ya ndege, na nilijiambia ni karatasi tu. Kwa hiyo wizara ilipopiga simu kuuliza kisa kilipatikanaje, na Mzee wa Koma akaniita na kuniuliza aandike nini, sikuweza kusema dada yangu aliniambia. Alikuwa ameshika kalamu, ananisubiri. Nikamwambia nilikipata masjala.

Nilidhani nimetaja chumba. Chumba kile kina mtu mmoja.

Aliandika neno hilo kwenye kikaratasi, kikaratasi kikaenda wizarani, wizarani kikaingia kwenye barua ya mashtaka, na ile barua ndiyo uliyonisomea. Neno lililokufanya umnyang'anye mtu ufunguo wake ni langu. Hakuna aliyelisema mwingine. Sikumchukia karani wako. Sikumfikiria kabisa, na sijui kama hilo linapunguza au linazidisha. Nilimfahamu tangu siku ulizokuwa ukinituma kwake nikachukue karatasi zilizochapwa upande mmoja, nipate za kufanyia hesabu za shule. Alikuwa akinichagulia zilizonyooka.

Sasa nikueleze nilichokifanya, kisha utafanya utakavyo. Juzi usiku nilimwambia shemeji yako yote. Alikwenda kupiga pasi shati ambalo lilikuwa limeshapigwa pasi, na alipomaliza akaniuliza kama nauli ya kuja huko ninayo. Jana asubuhi nilimpelekea Mzee wa Koma maelezo ya kurasa mbili niliyoyatia saini: fomu, kisa, kisanduku, na uongo wa masjala. Aliyasoma kalamu mkononi. Alisahihisha koma mbili, kisha nadhani akagundua anachokifanya, akaiweka kalamu chini. Hakunifokea. Alisema fomu peke yake ingeniletea onyo na uhamisho, lakini kumtwika mtu asiye na habari ni jambo jingine, na kwamba kuanzia saa ile nimesimamishwa kazi. Alisema pia kwamba yeye mwenyewe alidai takwimu, na ataandika hivyo. Maelezo yangu yatakuwa mbele ya wachunguzi wako kufikia Jumatatu jioni, kwa mkono wa tarishi. Hata ukiitupa barua hii jalalani, hayo yatafika.

Liko jambo moja zaidi, na silileti kama zawadi, maana mtu aliyekuchomea nyumba hakuletei ndoo akashukuriwa. Barua zako saba zipo. Niliomba masjala ya wizara wazitafute, kwa barua rasmi, nikitumia jina langu kamili, kabla sijasimamishwa. Nimeziona kwa macho. Zote saba zina muhuri wa kupokelewa na tarehe, ya tatu ina duara la kikombe cha chai, na hakuna hata moja iliyoandikwa kitu pembeni. Sikuzichukua, nimeshachoka na mambo ya mlango wa nyuma. Ila nimeandika kwenye maelezo yangu ziko rafu gani na faili namba ngapi, na nimewaomba wachunguzi waziitishe. Kama zitakusaidia au hazitakusaidia sijui. Sheria bado inasema ulikosea. Mimi nimekwenda nchi tatu kutafuta baraza linalomjali mkunga wake, nikarudi na kulitia matatani lile nililozaliwa ndani yake, basi ushauri wangu wa kisheria utaupima mwenyewe.

Ninachokuomba ni kimoja. Jumatatu asubuhi, kabla ya kitu kingine chochote, mwite karani wako, uwaite na wahudumu na mpiga chapa, walewale, umrudishie ufunguo mbele yao. Akikuuliza kwa nini, mwambie ni mdogo wako. Na Jumanne wakikuuliza nani alitoa taarifa, litaje jina langu, lote, kwa sauti, na uwaambie kwamba uliniambia kama ndugu na ukanikataza. Usinikinge. Umenikinga tangu nina miaka sita, na ninaijua sura yako unapojiandaa kunikinga; safari hii ukifanya hivyo, yule mtu atabaki stoo.

Sikuombi msamaha kwa karatasi. Jumatatu napanda basi la saa kumi na mbili asubuhi, nitafika huko jioni. Kama hutaki niingie kwako nitaelewa bila maelezo, ipo nyumba ya wageni karibu na kituo cha mabasi na nina pesa za kulala siku mbili. Jumanne nitakaa kwenye benchi nje ya ukumbi wenu tangu mlango unapofunguliwa, wakinihitaji waniite. Si lazima uniangalie ukipita. Naogopa, dada. Naogopa kuliko nilivyoogopa siku ya kuzaa, na siku ile ulikuwepo.

Nisalimie shemeji. Wanangu wabusu, uwaambie shangazi zao wa upande wa pili wana bahati kwa kutokuwa mimi. Hapana, usiwaambie hivyo, waambie nawaletea kalamu za rangi. Mama mwambie tu kwamba nakuja, mengine nitamwambia mwenyewe akiwa amekaa. Mkunga mpe pole zangu, na mke wa fundi baiskeli, kama amesharudi nyumbani, mjulie hali kwa niaba yangu bila kutaja jina.

Karani wa masjala usimpe salamu zangu. Nikishuka kwenye basi nitakwenda kwake kwanza, na mzigo wangu mkononi, kabla sijafika kwako. Nitapiga hodi na kusubiri. Asipofungua, nitasema hukohuko nje, na majirani wasikie.

Ni mimi mdogo wako,
ambaye kwenye fomu aliandika hana dada.